Neti ya Jirani: Mhadhara Kuhusu Malaria, Migori na Homa Bay



Mtu wa Mombasa au wa Tanga akilisikia jina Homa Bay kwa mara ya kwanza hudhani ghuba hiyo ilipewa jina la ugonjwa. Sivyo. Homa hapo ni mlima, ule unaosimama juu ya Ziwa Victoria upande wa Karachuonyo. Hata hivyo, sikio lake halikukosea sana. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria uliofanywa Kenya mwaka 2020 uliwapima watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14. Nchini kote, watoto 6 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria damuni. Katika kaunti za kanda ya ziwa, Migori na Homa Bay zikiwemo, walikuwa 19. Mwaka 2015 walikuwa 27, na mwaka 2010 walikuwa 38. Tarakimu hizo zina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani ya miaka kumi mzigo ulishuka kwa nusu, na anayesema hakuna kinachofanya kazi dhidi ya malaria hajaziangalia. Ya pili ni kwamba nusu iliyobaki ni mara tatu ya wastani wa taifa, na inaelekea hiyo ndiyo nusu ngumu.

Kwa nini ngumu? Majibu yanayosikika ni ya aina mbili. Ofisini husemwa kwamba vifaa havitoshi: ziongezwe neti, iongezwe dawa, iletwe chanjo. Barazani husemwa kwamba watu ndio tatizo: wamepewa neti wakazifanya nyavu za omena, wameambiwa wafyeke nyasi na kufukia madimbwi hawakusikia. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yamezaliwa tumbo moja. Yote mawili yanaitazama nyumba moja moja: nyumba imepewa au haijapewa, imetii au imekaidi. Mimi nitadai kwamba malaria haijengi hesabu yake nyumba kwa nyumba, na kwa hiyo kinga yake haiwezi kuwa mali ya nyumba. Ni mali ya kijiji, kama kisima au kivuko. Neti inayomwokoa mtoto wako yaweza kuwa ile anayoilalia jirani yako, na ukuta uliopulizwa dawa kwake waweza kukufaa kuliko wako. Hoja hii tukiikubali, itabidi tubadili jinsi tunavyohesabu, tunavyolaumu na tunavyolipa.

Tuanze na mbu mwenyewe. Mbu hazaliwi na malaria. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi huipata kwa kumnyonya mtu mwenye vimelea. Vimelea hivyo hukua tumboni mwake, kisha hupanda hadi kwenye tezi za mate, na hapo ndipo anapoweza kumwambukiza mtu mwingine. Katika joto la kandokando ya ziwa, safari hiyo huchukua siku kumi au zaidi kidogo. Wakati huohuo mbu huhitaji damu kila baada ya siku mbili tatu ili ayakuze mayai yake. Maana yake ni kwamba mbu mchanga ni kero tu. Wa kuogopwa ni mbu mzee. Fanyeni hesabu ndogo. Iwapo katika kila mbu 100 walio hai leo 90 wataiona kesho, na ikawa hivyo kila siku, baada ya siku kumi watasalia 35 hivi. Ishusheni hiyo 90 iwe 70, na baada ya siku kumi hawatafika hata 3. Hapana haja ya kuwamaliza mbu wote. Yatosha kuwafupishia maisha. Hesabu ya namna hii ilifafanuliwa na George Macdonald katika miaka ya 1950, na juu yake ndipo zilipojengwa neti zenye dawa na upulizaji wa kuta. Sasa jiulizeni: katika siku kumi hizo, mbu huyo ataingia nyumba ngapi? Anayemnyonya mtoto wa jirani usiku huu ndiye atakayekuwa chumbani mwako wiki ijayo. Mahali pazuri pa kumkomesha ni njiani, kabla hajazeeka, na njia yake inapita katika nyumba za watu wengine.

Hilo si nadharia tupu. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, huko Asembo na Gem katika Siaya, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa, ziliendesha jaribio kubwa katika vijiji zaidi ya 200 katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Vijiji vilivyochaguliwa kwa kura vilipewa neti zilizochovywa katika dawa ya permethrini. Vingine vilisubiri zamu yao. Katika vijiji vyenye neti, vifo vya watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 59 vilipungua kwa takriban asilimia 16. Tarakimu hiyo ilisomwa duniani kote. Iliyosomwa kidogo zaidi ni ile iliyotoka baadaye, watafiti walipochora ramani ya maboma na kupima umbali. Watoto wa vijiji visivyo na neti, ikiwa boma lao lilikuwa ndani ya mita 300 kutoka maboma yenye neti, nao walipata kinga iliyokaribia kulingana na ya wale waliolala ndani ya neti. Walikufa kwa uchache, walipungukiwa damu kwa uchache, walikutwa na vimelea kwa uchache. Hawakuwa wamepewa kitu. Walikuwa na majirani tu.

Mwaka 2007, mtafiti Gerry Killeen na wenzake walikokotoa kiwango ambacho faida hiyo ya ujirani huanza kuwa kubwa kama faida ya kulala ndani ya neti. Jibu lao lilikuwa kati ya asilimia 35 na 65 ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, kulala ndani ya neti zenye dawa. Hapo neno zito ni "wote". Kwa miaka mingi neti zilielekezwa kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu ndio wanaokufa zaidi. Nia ilikuwa njema, na bado kundi hilo linastahili kutangulizwa. Lakini babu anayelala bila neti ni meza iliyoandaliwa mbu, na mbu aliyeshibia kwa babu ataishi hadi amfikie mjukuu. Vivyo hivyo mwanafunzi wa darasa la saba, ambaye mara nyingi ana vimelea lakini hajisikii mgonjwa, ni ghala la malaria la kijiji kizima. Neti ya mwanafunzi huyo ni neti ya mtoto mchanga. Kenya ilipoanza mwaka 2011 kugawa neti kwa kila kaya katika maeneo yenye malaria nyingi, ilikuwa imeikubali hesabu hii, hata kama haikuieleza hivyo kwa wananchi.

Hoja nzuri sharti ijaribiwe kutoka upande wa pili. Kama kinga hutoka kwa wengi, basi kuwakinga wachache, hata wakichaguliwa kwa ustadi, hakutamfaa jirani. Jaribio hilo limefanywa, na limefanywa Homa Bay. Huko Rachuonyo Kusini, mwaka 2012, watafiti walitafuta vituo vya moto, yaani maeneo madogo ambako maambukizi yamejikita kuliko kwingine, wakavimiminia kila silaha kwa pamoja: neti, dawa ya ukutani, dawa ya kuua viluwiluwi, na tiba kwa kaya zilizokutwa na vimelea. Matumaini yalikuwa kwamba kituo cha moto kikizimwa, moto wote utazimika. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalikuwa haba: ndani ya vituo hivyo malaria ilipungua kiasi na kwa muda, na nje yake hapakuonekana tofauti yoyote. Wengine waliyasoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nayasoma kama somo. Pazia la nyumba chache halizuii upepo wa kijiji.

Zipeni nyumba zote dawa, na habari hubadilika. Kati ya 2008 na 2010 nyumba za wilaya ya Rachuonyo zilipulizwa dawa kutani, ilhali Nyando, wilaya jirani, haikupulizwa. Neti zilikuwapo pande zote mbili. Rachuonyo watu waliokutwa na vimelea walikuwa takriban 6 katika 100, Nyando takriban 17. Kazi hiyo ilisitishwa mwaka 2012, kwa kuwa dawa zilizotumika zilikuwa za ukoo wa pirethroidi, ukoo uleule unaotiwa katika neti, na mbu walikuwa wameshaanza kuzizoea. Anofelesi funestasi, ambaye neti zilikuwa karibu zimfute kanda ya ziwa, alirudi akiwa sugu. Upulizaji uliporejea Migori mwaka 2017, na Homa Bay mwaka 2018, ulikuja na dawa ya ukoo mwingine, pirimifosi-metili. Huko Migori, ndani ya miezi mitatu ya kupuliza mwaka ule wa kwanza, mbu hao wa funestasi waliokamatwa majumbani walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Na katika kisiwa cha Rusinga, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen walifunga mitego yenye harufu ya binadamu, inayoendeshwa kwa umeme wa jua, katika kaya za kisiwa kizima kati ya 2012 na 2015. Nyumba zenye mitego zilipata malaria pungufu kwa takriban asilimia 30, na kila nyumba ilipata taa. Silaha ni tofauti, kanuni ni ileile: zimefanya kazi pale zilipowekwa kila nyumba.

Sasa niwajibu wanaopinga, maana wana hoja. Wa kwanza ni yule wa barazani. Atasema: mna hesabu nzuri, lakini nendeni ufuoni mkaone neti zenu zimeanikiwa omena. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika vijiji vya wavuvi kandokando ya ziwa ulizihesabu neti 283 zilizotandazwa kuanikia samaki, na 72 kati yake zilitumika pia kuvulia. Lakini tusiishie kwenye hesabu, tuulize sababu. Omena ni samaki mdogo, hukauka haraka zaidi juu ya wavu kuliko juu ya mchanga, na omena safi isiyo na mchanga huuzwa kwa bei nzuri. Mama muuza omena anayetandaza neti ufuoni si mjinga. Ameona kitu kimoja kina matumizi mawili, na moja linaleta karo ya shule wiki hii. Na tena, neti nyingi zinazotolewa hulenga kudumu miaka mitatu, lakini nyingi huchanika kabla ya hapo. Ukimkuta mtu anaanikia samaki neti iliyotoboka, hujakuta wizi wa kinga. Umekuta kinga iliyokwisha muda na haikubadilishwa. Dawa ya tatizo hilo haipo katika mahubiri. Ipo katika vichanja vya kuanikia omena vilivyojengwa kwa usimamizi wa kamati za fuo zenyewe (BMU), na katika neti zinazopatikana zahanati na kwa wahamasishaji wa afya mwaka mzima, badala ya kusubiriwa kama sensa.

Kuna jambo jingine ambalo lawama hulifunika. Usiku wa Migori na Homa Bay haumaliziki kitandani. Wavuvi wa omena hufanya kazi gizani, taa zikielea majini hadi alfajiri. Wachimba dhahabu wa Nyatike, Migori, hulala katika vibanda karibu na mashimo yao. Na msiba unapotokea, ndugu na majirani hukesha matangani siku kadhaa, wakilala nje au chini ya turubai. Hakuna neti inayotundikwa hewani. Watu hawa hawajakaidi. Wanaishi maisha ambayo neti haikushonewa. Kwao ujirani ndio kinga karibu pekee: mbu ambaye angewakuta matangani sharti awe amepita katika nyumba zilizopulizwa, na kufa humo, kabla hajafikisha umri wa kuwaambukiza. Anayewalaumu kwa kutolala ndani ya neti anawadai kitu wasichoweza kutoa, huku akisahau kile ambacho kijiji kingeweza kuwapa.

Mpinzani wa pili ana heshima ya historia. Anasema: mnahangaika na mbu aliyekwisha kuruka, kwa nini msimuue majini? Kausheni madimbwi, tieni dawa ya viluwiluwi, yaishe. Nakiri kwamba jambo hilo linawezekana, na ushahidi wake bora uko hapahapa. Mjini Mbita, Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Ulrike Fillinger na Steve Lindsay walitumia dawa ya bakteria isiyodhuru samaki wala mifugo, na wakapunguza viluwiluwi vya Anofelesi kwa asilimia 95 na mbu wanaouma watu kwa asilimia 92. Hata hivyo Mbita ni mji mdogo ambao madimbwi yake yangeweza kuorodheshwa na kutembelewa kila wiki. Mashambani, wakati wa masika ya Machi hadi Mei, kila kwato ya ng'ombe ni dimbwi, kila shimo la udongo wa matofali ni dimbwi, na ukingo wa ziwa wenye mafunjo na magugumaji hauna mwisho. Shirika la Afya Duniani hushauri njia hii pale ambapo mazalio ni machache, hayahamihami na yanajulikana. Kwa kipimo hicho, Nyatike yenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, mifereji ya umwagiliaji ya Kimira-Oluch huko Homa Bay na ya Kuja ya Chini huko Migori, ni mahali pa kuanzia. Mashimo na mifereji hiyo imechimbwa na binadamu kwa faida, na anayepata faida aweza kudaiwa asifuge mbu. Lakini hiyo ni nyongeza juu ya neti na ukuta. Haichukui nafasi yake. Na kumbukeni kwamba nayo ni kazi ya pamoja: nikifukia dimbwi langu na wewe ukaacha lako, nimejichosha bure.

Mpinzani wa tatu ni mkata tamaa. Anasema mbu atazizoea dawa zote, kama alivyozizoea za jana. Usugu ni kweli, na nimekwisha kuusimulia. Lakini majibu ya usugu yamepatikana, na yamepatikana katika ziwa hilihili, upande wa Tanzania. Huko Muleba, Kagera, neti zilizoongezwa kiungo cha PBO, kinachovunja kinga ya mbu dhidi ya pirethroidi, zilizipita neti za kawaida kwa mbali katika jaribio lililochapishwa 2018. Huko Misungwi, Mwanza, neti zenye dawa mbili, pirethroidi na klorofenapiri, zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili zikilinganishwa na neti za kawaida. Matokeo yalitoka 2022, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza 2023. Funzo lake ni kwamba neti si neti. Kaunti inayojivunia idadi ya neti bila kuuliza zina dawa gani inajivunia vitambaa. Dawa za ukutani zizungushwe zamu, ukoo kwa ukoo, na mbu wa kila kaunti ndogo wapimwe usugu wao kabla dawa haijanunuliwa.

Wa nne ana swali la kitaalamu linalostahili heshima. Katika maeneo ya malaria nyingi, watoto wanaopona mara kadhaa hujijengea kinga ya mwili. Je, tukiwakinga dhidi ya mbu, hatuwaahirishii kifo tu hadi wawe wakubwa? Asembo walilingoja jibu. Watoto wale wa neti walifuatiliwa kwa miaka hadi sita, na vifo vilivyozuiwa utotoni havikurudi baadaye. Lakini hofu hii inakuwa ya kweli kabisa katika hali moja: kinga ikiondolewa ghafla. Wilaya kumi za kaskazini mwa Uganda zilipulizwa dawa kwa miaka kadhaa hadi 2014, malaria ikapungua sana. Kazi ilipositishwa, mwaka uliofuata malaria ilirudi kama mlipuko, juu ya watu ambao miili yao ilikuwa imeanza kuisahau. Kwa hiyo hoja ya kinga ya mwili haitufundishi kutoanza, inatufundisha kutoacha. Kijiji kilichokingwa ni kama bwawa: maji yote yaliyozuiwa yapo palepale nyuma ya ukuta.

Hapa ndipo tunapomfikia mpinzani wa mwisho, ambaye kwa maoni yangu ndiye mzito kuliko wote, naye ni mweka hazina. Nani atalipa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi mno: upulizaji wa Migori na Homa Bay ulilipiwa na Marekani kupitia mpango wa rais wake dhidi ya malaria, na sehemu kubwa ya neti ililetwa na wafadhili. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Sisemi haya kumlaani mfadhili. Mgeni akiondoka kwako ameondoka na chake. Nasema kwamba bwawa lile la Uganda lilipasuka kwa namna hii. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti huduma za afya na zahanati. Barabara ya kaunti haiombewi mfadhili kila mwaka. Imo katika bajeti kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba barabara ya nusu njia haimfikishi mtu. Kinga ya malaria ni barabara ya namna hiyohiyo. Kupuliza nusu ya kata si nusu ya faida, kama Rachuonyo Kusini ilivyoonyesha. Migori na Homa Bay zinapakana, mbu hasomi bango la mpaka, na kaunti hizo zimo pamoja katika jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa. Kununua dawa kwa pamoja, kupuliza kwa pamoja kabla ya masika, na kufanya hivyo kila mwaka kwa fungu linalojulikana la bajeti ni mambo yasiyohitaji uvumbuzi wowote.

Mtaniuliza: na chanjo? Nchini Kenya chanjo ya RTS,S ilianzia Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Katika nchi tatu za majaribio, Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto waliokuwa na umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Hiyo ni baraka, na watoto wa Ndhiwa wameitolea dunia nzima ushahidi. Lakini tuiweke mahali pake. Chanjo hii hukizuia kimelea kisijikite katika ini la mtoto aliyechanjwa. Haimfupishii mbu maisha, wala haimfikii babu na mwanafunzi wa darasa la saba. Ni mwavuli wa mtoto, na mtoto mwenye mwavuli bado anahitaji paa. Dozi yake ya nne hutolewa mtoto akiwa karibu na miaka miwili, wakati ambapo mama wengi wameshaacha kwenda kliniki, na hapo kazi inarudi kwa kijiji: kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua takriban 100,000 Septemba 2023, na ambao ndio wanaojua ni mtoto gani hajarudi.

Nikusanye niliyoyasema. Mbu wa hatari ni mzee, na uzee wake huupata akipita nyumba nyingi. Ndiyo maana neti za Asembo ziliokoa watoto ndani ya mita 300 wasiolala ndani yake, na ndiyo maana vituo vya moto vya Rachuonyo vilipotibiwa peke yake havikumfaa jirani. Kama hivyo ndivyo, basi kipimo cha kazi yetu si idadi ya neti zilizogawiwa wala ya watu waliokemewa. Nenda katika nyumba ambayo haikupata chochote, ile ambayo mgawaji aliiruka, ya mjane aliyekuwa hospitalini siku ya orodha, au ya kijana aliyetoka ziwani jua limeshapanda. Mpime mtoto wa nyumba hiyo. Akiwa hana vimelea, kijiji kimekingwa. Akiwa navyo, hatujamkinga hata yule aliyelala ndani ya neti mpya. Tumemkopesha siku chache.